Kumbe Wanahesabu Kuanzia Nyuma

Sogea nikae hapo kwenye kreti, jirani. Na usiniangalie vidole. Hiyo ni oili, nimeshaviosha mara tatu kwa sabuni ya unga, haitoki.

Yalianza Jumanne. Natoka stendi ya Mbezi kumpokea mama mkwe, kaja na mkungu wa ndizi, kuku wawili hai na lile begi lake jeusi. Tunapanda mlima kuja Goba. Unaujua ule mlima, bajaji zinaupanda kwa dua. Mimi nina gari la familia, refu, siti saba, namba C lakini linang'aa. Nikakanyaga mafuta kwa maringo, mama aone binti yake kaolewa na nani. Gari likakohoa. Nikakanyaga tena. Likatikisika kama kuna mtu chini ya boneti anapiga ngumi anataka atolewe. Kuku wakaanza kelele. Daladala ikatupita. Bajaji ikatupita, ndani imebeba kitanda. Mama mkwe kashika begi kwa mikono miwili, kimya, mpaka tulipofika juu ndipo akauliza kwa upole: "Baba, hili gari huwa linashikwa degedege?"

Kwenye dashibodi ile taa ya injini ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Mimi nikafurahi. Ilikuwa inawaka moja kwa moja tangu Idi, sasa inakonyeza tu, nikajua ugonjwa unapungua. Kumbe ikikonyeza ndiyo balaa. Nimekuja kuambiwa na kijana ambaye hata ndevu hana. Silinda haichomi, petroli yake inapita mbichi hadi kwenye ekzosi, inaenda kuunguza masega. Na masega unajua bei yake, watu wanayafuata usiku na misumeno.

Jumatano kwa fundi. Akachomeka mashine yake chini ya usukani, ikaandika P0303. "Silinda namba tatu inamisi, bosi. Koili hiyo." Kifaa na ufundi, laki na ishirini. Laki na ishirini, kitu chenyewe urefu wa tochi! Nikacheka kile kicheko cha mtu anayejua magari. Nikamwambia nitarudi. Huwa sirudi.

Usiku nikaangalia video. Dakika nane. Mzungu ana glovu nyeupe, anatoa kava, anafungua bolti moja, anavuta, anachomeka nyingine, anafuta mikono ambayo haikuchafuka. Nikamwonyesha mama watoto. "Ona, laki na ishirini wanataka kwa hiki." Akaniuliza lile bomba la jikoni nililolitengeneza mwezi wa tatu limefikia wapi. Nikamwambia bomba na gari ni fani mbili tofauti.

Alhamisi nikashuka Gerezani. Muuzaji akauliza, "Injini gani, mzee?" Nikamwambia nyeusi. Akanitazama. Akauliza plagi ngapi. Nikasema nne, maana matairi ni manne. Bahati nilikuwa na picha kwenye simu. Akaikuza kwa vidole viwili. Juu ya plastiki pameandikwa V6, herufi kubwa kama kibao cha benki. Jirani, miaka sita naiona hiyo V6 nikijua ni toleo, kwamba zilitangulia V5. "Una silinda sita, mzee." Akawaita na wenzake waje kuniona. Akaniuzia koili ya mtumba kwa elfu 35, imetoka Dubai, imepimwa. Nikauliza garantii. Akasema ipo, mpaka pale barabarani.

Jumamosi saa mbili asubuhi nikavaa ovaroli. Spana namba 10 sina, nikaenda kuazima kwa mzee wa geti la bluu. Spana ya yule mzee haitoki bila yeye. Akaja nayo, na kigoda, na redio. Watoto wakaja. Bodaboda wa kijiweni wakazima pikipiki wakasogea. Mama mkwe akaweka kiti barazani.

Nikatoa teminali hasi ya betri, hiyo niliikumbuka. Nikang'oa kava. Nikaziona koili tatu, zimejipanga mbele kama wanafunzi mstarini. Moja, mbili, tatu. Ya tatu hiyo hapo. Ila si ziko sita? Nikasema moyoni, yule muuzaji naye hajui magari. Nikaendelea.

Kisoketi cha waya kina klipu ya plastiki. Mzungu aliibonya kwa ukucha, ikaachia. Ya kwangu imekaa juu ya moto miaka ishirini. Nikaigusa tu, ikakatika kama kashata. Mzee wa geti la bluu akasema, "Eheee." Hakuongeza neno, na afadhali angeongeza. Nikaenda kuchukua rababendi kwenye nywele za binti yangu nije kufungia. Akalia. Mama mkwe akasimama barazani kuangalia mjukuu analizwa na nani.

Bolti ikafunguka vizuri. Koili yenyewe ikagoma. Mpira wake wa chini umegandana na plagi. Nikavuta. Nikazungusha. Nikaweka mguu kwenye bampa nikavuta kwa jina la Mungu. Ikang'oka ghafla, nikakaa mchangani na koili mkononi kama nimeng'oa muhogo. Bodaboda wakapiga honi.

Nikachomeka ya Dubai. Hapo akapita kijana wa chuma chakavu na gunia lake. Kwa raha za ushindi nikamwita, nikampa ile ya zamani. Akaipima kwa kiganja, akasema shaba yake kidogo, akanipa mia mbili. Nikapokea. Hela ni hela.

Nikawasha.

Mwanzo lilikuwa linatikisika. Sasa likawa linacheza. Vioo vya pembeni vinaaga watu. Kile kibao cha namba cha mbele kinalia kama njuga. Mzee akazima redio asikie vizuri.

Sasa mzee ana kijana wake, anasoma ufundi magari VETA. Muda wote huo alikuwa kaegemea ukuta, ana chapati mkononi, anatazama. Akaja, akachomeka kidude kidogo kama kiberiti, akasoma kwenye simu. "Shikamoo baba. Tatu bado. Na sita nayo imeanza." Ile shikamoo niliiona imecheleweshwa makusudi.

Akanieleza taratibu, kama anamweleza mtoto, na mbele ya watoto. Koili ni transfoma ndogo, imekaa kichwani kwa plagi. Inachukua volti 12 za betri inazipandisha mpaka makumi ya maelfu, ndipo cheche iruke. Kila silinda na ya kwake. Na injini yangu imelala ubavu, safu mbili: mbele kuna 2, 4 na 6. Namba 1, 3 na 5 ziko nyuma, zimeegemea ukuta wa upande wa dashibodi, zimefunikwa na manifoldi. Kwa hiyo ile "ya tatu" yangu ilikuwa ya sita.

Na ilikuwa nzima! Nimeng'oa nzima nikaweka maiti ya Dubai. Nzima nimeiuza mia mbili.

Kumbe wanahesabu kuanzia nyuma. Nani anahesabu kuanzia nyuma, tena kwa kuruka? Hata foleni ya maji haihesabiwi hivyo.

Nikamfukuzia yule wa chuma chakavu. Nimemkuta hapahapa kwa Mangi, anakunywa soda. Akasema koili ipo, elfu 5. Nikamwambia si ulisema shaba kidogo? "Ile ilikuwa chakavu, mzee. Sasa hivi unaitaka kama spea." Nikalipa. Mangi shahidi, alicheka mpaka akakosea chenji.

Kijana akaingia kazini. Masaa manne. Manifoldi ikatoka, matundu yake akayaziba kwa matambara safi, maana bolti ikidondoka humo, alisema, hiyo ni habari nyingine. Mimi kazi yangu ikawa tochi. Mmiliki wa gari, baba wa watoto watatu, nashika tochi. "Mulika hapa baba. Hapa. Siyo usoni kwangu." Nikihama kidogo kutazama, giza. "Baba, tochi." Mama mkwe akatuma juisi, glasi moja, ya fundi.

Akaitoa ile namba tatu halisi, akaniwekea kiganjani. Ubavuni ina ufa mwembamba kama unywele, na pembeni yake mstari wa kijivu. Umeme ulikuwa unatorokea hapo kwenda kwenye chuma, badala ya kushuka kwenye plagi. Nikaiangalia sana. Kitu chenyewe hakizidi kiberiti kwa upana, kimenidhalilisha wiki nzima.

Akasema safari nyingine nisinunue kitu kwanza. Hamisha koili ya silinda nzima uiweke kwenye mgonjwa, ya mgonjwa ihamie kwa mzima. Kosa likihama nayo, koili ndiyo mwizi. Likibaki palepale, tafuta kwenye plagi, waya au nozeli. Ya mbele ni robo saa, bure kabisa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia asubuhi. Akasema nilikuwa naonekana najua.

Jioni mama watoto akachukua daftari la hesabu la mtoto, akaandika nyuma. Koili ya Dubai, 35. Koili nyingine bodaboda kaifuata Gerezani, 45. Gasketi za manifoldi, 25. Kijana, 60. Chuma chakavu, 5. Laki na sabini. Kisha akatoa ile mia mbili. Ni mwadilifu sana yule mwanamke.

Leo alfajiri mama mkwe anaondoka. Nikawasha gari. Tuliii. Nikaweka glasi ya maji juu ya boneti, maji hayakunjiki hata uso. Nikamwita mama aje aone glasi. Kimya. Nikazunguka barazani, kiti kitupu. Nikamkuta nje ya geti, yuko ndani ya bajaji, kajifunga kitenge, begi mapajani.

"Baba," akaniambia, "liache kwanza lipumzike. Limeumwa."

Mzee wa geti la bluu akampungia mkono, yuko na redio yake. Bajaji ikaondoka. Nikarudi nikayanywa yale maji.