Matanga Kwenye Harusi

Jioni ya Ijumaa, siku moja kabla ya ndoa ya mdogo wangu, nilimpigia simu mwenye maturubai kwa mara ya tisa na kwa mara ya tisa hakupatikana. Mama na shangazi zangu wawili walikuwa uani wakipepeta mchele. Hakuna aliyeniuliza. Walinitazama usoni, wakarudi kwenye nyungo zao.

Upande wa bahari wingu lilikuwa limeshatanda. Ilikuwa Novemba, vuli imekolea, na Tanga mwezi huo mtu hawaketishi wageni nje bila kitu juu ya vichwa vyao. Tulilijua hilo. Lakini bwana harusi anafanya kazi Mtwara, likizo aliyopewa ilikuwa ya siku 14, na siku zenyewe hakuzichagua yeye. Ndiyo maana wiki tatu kabla nilikuwa nimekwishalipa shilingi 80,000, nusu ya kodi ya maturubai mawili makubwa, nikalihesabu jambo hilo kuwa limekwisha.

Ukumbi wa bei nafuu kuliko zote tulizoziona ulitaka 1,200,000 bila chakula. Sisi tulikuwa na 1,600,000 kwa jumla: laki tisa zangu, laki nne za mama alizoziweka kidogo kidogo kutoka kwenye vitumbua anavyouza kila asubuhi, na laki tatu za biharusi mwenyewe. Watu walitushauri tuunde kamati na tuchapishe kadi za mchango. Mama alikataa. Alisema baba yetu hakuwahi kumwalika mtu kwa bei, na yeye hataanza sasa.

Na hata ukumbi ungekuwa wa bure, mdogo wangu alikuwa ameshaamua. Mwembe ulio katikati ya ua wetu pale Makorora baba aliupanda wiki aliyozaliwa yeye. Baba alifariki kabla ya kuoza mtoto hata mmoja. “Kaka, nataka nitokee pale,” aliniambia, “chini ya mwembe wa baba.” Baba hayupo, babu mzaa baba hayupo, mimi ndiye kaka mkubwa, kwa hiyo mimi ndiye walii wake. Nilimjibu sawa kabla sijahesabu shilingi hata moja, na sijutii.

Hesabu ilikuja baadaye, kwenye daftari la mama, lile lile la vitumbua. Mchele kilo 30 kwa 2,800. Nyama kilo 30 kwa 9,000. Shangazi mkubwa, aliyepika shughuli za mtaa mzima kwa miaka mingi, hukadiria kilo moja ya mchele kwa watu saba au wanane. Kwa wageni 150 kilo 20 zingetosha, lakini mwenyewe alisema andika 30, mtaa huu mlango wake hauna komeo. Halua kilo sita, tende, kahawa. Vitunguu gunia dogo. Bizari nzima, mdalasini, hiliki na karafuu tulinunua mapema, bei ikiwa chini. Viti tungeazima vya wazee tu. Wengine wangekaa kwenye mikeka na majamvi, na kula kwenye sinia, watu watano watano, kama tulivyolelewa. Taarifa ya ndoa tulikuwa tumeitoa zamani, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka siku 21, na sheikh alitukumbusha mwezi mzima kabla. Ile Ijumaa jioni zilibaki shilingi 64,000. Turubai la mtu mwingine, kwa dharura ile, lilitajwa 160,000.

Na maji yalikuwa yamekatika tangu Alhamisi. Vijana walikuwa wanakwenda na kurudi na baiskeli kutoka kisimani kwa jirani wa mtaa wa tatu, madumu manne kila safari. Madumu 30 yalikuwa yamejaa, yaani lita 600, na shangazi alikuwa ameyagawa: haya ya kupikia, haya ya kunywa, haya ya udhu. Ya kuoshea vyombo hayakuwepo.

Nilikaa barazani. Mjomba akaja kutoka Sahare na baiskeli yake, na samaki aliowaleta kwa ajili ya chakula cha usiku huo wamening'inia kwenye usukani. Nilimwamkia, akaitika, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Yeye ni mvuvi tangu utoto na ana mashua mbili na ngalawa mbili, za kwake na za mwanawe. Alitazama wingu, akatazama mwembe, akaanza kupima ua kwa hatua.

“Mjomba,” akaniambia, “tafuta guta. Twende tukachukue matanga.”

Bibi alikuwa ndani, karibu na dirisha. Alilisikia neno lile na akatoka mwenyewe, bila mkongojo.

“Matanga hayaingii nyumba ya harusi,” alimwambia mwanawe.

Atakayesoma haya akiwa bara huenda aone ni neno tu. Tanga ni kitambaa cha chombo. Matanga ni siku tunazokaa chini kumlilia maiti. Na mji wenyewe tunaoishi unabeba neno hilo hilo. Kwa bibi yalikuwa kitu kimoja. Babu, mumewe, alichukuliwa na bahari mama akiwa msichana mdogo. Wenzake waliotoka kumtafuta walirudi na tanga lake, limelowa, bila mwenyewe. “Lilirudi tanga,” bibi alisema, “tukakaa matanga.” Hakusema zaidi. Mjomba, mtu mzima mwenye wajukuu, alisimama mbele ya mama yake ameinamisha kichwa, na sote tulinyamaza.

Sikuweza kumshinda bibi kwa hoja, na sikutaka. Nilimweleza tu hali ilivyo: mwenye maturubai, zile 64,000, wingu. Nilimwambia tukikosa kivuli mdogo wangu ataozwa sebuleni, watu 12 ndani na waliobaki barabarani. Alinisikiliza, akarudi chumbani. Mama akanionyesha kwa macho niende.

Matanga yalikuwa manne, ya kitambaa kizito cha pamba, yameungwa viraka mara nyingi. Yalinuka chumvi, dagaa na sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mbao za vyombo. Tulipoyatandaza uani saa tatu usiku, chini ya taa moja, harufu iliingia mpaka chumba alichokuwa mdogo wangu amekaa na somo wake, miguu na mikono imenyooshwa, hina haijakauka. Nilimwona akivuta pumzi. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Babu naye amekuja.” Mama alitoka chumbani mbio, akaenda kusimama peke yake karibu na pipa.

Muda si mrefu bibi alitoka na chetezo. Makaa yalikuwa mekundu na udi umeshaanza kufuka. Hakuzungumza na mtu. Alinipa ishara niinue pembe ya tanga la kwanza, akapitisha chetezo chini yake taratibu, kutoka pembe hadi pembe, kama anavyofukiza nguo za mtoto mchanga. Tulifanya hivyo kwa yote manne. Ilichukua zaidi ya saa nzima, na mgongo wake si wa kazi hiyo tena. Alipomaliza alisema, “Yafungeni sasa. Na kesho mtu asiyataje kwa jina hilo humu ndani.”

Kamba tulizipata stoo. Baba alifanya kazi maisha yake yote kwenye mashamba ya mkonge, na aliacha mizunguko miwili ya kamba ambayo mama hakuwahi kuruhusu iuzwe. Baba alipenda kutusimulia kwamba mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, na kwamba kati ya miche yote iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai. Utajiri wote wa mashamba yale ulianzia kwenye hiyo 62. Mjomba alizifunga kamba hizo kutoka kwenye mwembe hadi minazi miwili ya ukutani na nguzo ya choo. Nilipotaka kuzikaza aliniondoa mkono. “Ziache zilegee kidogo. Kamba ya mkonge ikilowa hujikaza yenyewe. Ukiikaza sasa, kesho itang'oa nguzo.” Pembe moja aliishusha chini kuliko nyingine zote, na chini yake akaweka mapipa mawili matupu. Nilidhani ameyaweka pale ili yasiwe njiani.

Asubuhi ya Jumamosi tuliamshwa na kelele za watoto. Majimoto, sisimizi wa mitini, walikuwa wamezigeuza kamba za baba kuwa barabara. Mwembe wetu una viota vyao vingi, majani mabichi yaliyoshonwa kwa uzi wa mabuu wao, na mama hajawahi kuruhusu sumu, kwa sababu hao ndio wanaowafukuza wadudu wafyonzao embe changa na vidaka vya nazi. Siku mbili kabla tulikuwa tumepaka majivu mikononi, tukashusha viota vitatu vilivyokuwa juu ya mahali pa kukaa biharusi, tukavipeleka kwenye mnazi wa jirani ndani ya gunia. Sasa wenzao walikuwa wanatembea msururu, wekundu, mpaka katikati ya kitambaa, tayari kuanguka ndani ya kanzu za watu. Mjomba alilowesha vitambaa kwa mafuta ya taa, akavifunga kwenye kila kamba karibu na shina. Waliokuwa wameshavuka tuliwafagia kwa makuti. Kazi ile ilituchukua mpaka saa nne.

Saa nane mchana mvua ikaanguka. Shangazi na wenzake walihamisha mafiga hadi barazani kwa jirani, wakiwa wamebeba masufuria ya nyama iliyokwisha kuiva, na jirani yule, mwanamke wa Kidigo ambaye tulikuwa tumekosana naye mwaka mzima kwa sababu ya mpaka wa ua, aliwasogezea kuni kavu za kwake bila kuulizwa. Sijui niliandike vipi hilo. Mama aliliandika kwenye daftari: kuni, mafungu manne, kwa jirani.

Chini ya matanga hapakuvuja. Pamba ile ikilowa hufura na nyuzi zake hubanana, maji huteleza juu yake, mradi mtu asiiguse kwa ndani. Mjomba alikuwa ametangaza hivyo, na wazee wenyewe wakawa walinzi, kila mtoto aliyenyoosha kidole juu anashikwa mkono. Maji yalishuka kwenye ile pembe aliyoiinamisha na kuingia kwenye mapipa. Yale ya kwanza tuliyamwaga, yalikuwa na chumvi. Yaliyofuata ndiyo yaliyoosha vyombo vya harusi nzima. Kamba zilijikaza, nguzo ikalia, ikashika.

Baada ya alasiri, sheikh alipoketi, niliondoka na mashahidi wawili hadi mlango wa chumba cha biharusi. Nilimwita kwa jina lake kamili na jina la baba yetu. Nikamuuliza kama ameniruhusu nimuoze. Alikaa kimya kidogo, nikasikia somo akimnong'oneza, kisha akajibu yeye mwenyewe: “Nimekuruhusu, kaka.” Sauti hiyo ninayo mpaka leo.

Niliporudi na kukaa mbele ya bwana harusi, nikashika mkono wake, mvua ikazidi. Ilipiga juu ya kitambaa kama ngoma. Nilisema maneno. Sheikh akawageukia mashahidi: “Mmesikia?” Mmoja alitikisa kichwa, hapana. Sheikh hakutaka kuendelea. Alisema ndoa ni maneno, na maneno lazima yasikiwe na mashahidi wote wawili. Kwa hiyo tulingoja. Watu zaidi ya 200, maana walikuwa wamefika wengi kuliko tuliowaalika, walikaa kimya kwenye mikeka, mkono wangu ndani ya mkono wa shemeji yangu mtarajiwa, kwa karibu dakika 20. Nilikuwa na muda wa kutazama juu. Niliona viraka, mshono juu ya mshono, na madoa ya zamani ya kutu mahali pete za foromali zilipokaa. Nilimfikiria baba. Nilimfikiria na yule babu ambaye sikumwona.

Mvua ikapungua, ikawa manyunyu. Sheikh akanipa ishara.

“Nimekuoza dada yangu kwa mahari mliyokubaliana.”

“Nimekubali kumuoa.”

Safari hii mashahidi wote wawili walisikia, na nadhani hata bibi, aliyekuwa dirishani, alisikia, kwa sababu kigelegele cha kwanza kilitoka pale.

Pilau ilitosha kwa shida. Sinia za mwisho walikaa watu saba badala ya watano, na sisi wa nyumbani tulikula ukoko na kachumbari usiku, tumechoka, tumefurahi.

Jumapili kutwa matanga yalikaa juani yakikauka. Jumatatu kabla ya alfajiri nilimsindikiza mjomba hadi Sahare na guta lile lile. Hapo ndipo nilipoona vyombo vyake vinne vimekaa mchangani, milingoti mitupu, na nikaelewa kwamba tangu Ijumaa usiku hakuna aliyevua, si yeye, si mwanawe, si mabaharia wao, na kwamba katika hesabu zangu zote siku zile hazikuwemo. Nilimtajia zile 64,000. Alisema nishike upande ule wa foromali.

Tulifunga tanga la mashua kubwa kulipokuwa kunaanza kupambazuka. Walisukuma chombo majini, mwanawe akavuta henza, kitambaa kikapanda na upepo wa nchi kavu ukakijaza, na harufu iliyonijia pale ufukweni ilikuwa ya udi.