Kibogoyo Mbele ya Skana

Hongera, mzee wangu. Fizi zimebaki tupu, na wanao wameamua meno yako mapya yachorwe kwa kompyuta. Fuata maelekezo haya.

Kwanza, panua mdomo. Daktari ataingiza skana nene kuliko mswaki. Usimeze mate. Usitikise ulimi. Fizi zenye majimaji huichanganya mashine, kwa hiyo usishangae akirudia lile sinia lenye uji mzito, akachukua kipimo kama alivyochukuliwa babu yako, kisha akakipitisha hicho kipimo kwenye skana. Umeshaingia dijitali. Tahadhari: kichefuchefu kikikushika, mnaanza upya.

Sasa uma. Ukiambiwa "uma kama kawaida", usijaribu kukumbuka kawaida ilikuwaje. Hapo ndipo wengi hupotea. Kompyuta haijui taya zako hukutana wapi. Inakuamini wewe, na juu ya kosa lako itapanga meno 28 yaliyonyooka kama gwaride.

Rangi ni suala la kifamilia. Daktari atashauri umanjano kidogo, unaoendana na miaka 70. Wewe utataka meupe, na binti yako atataka meupe zaidi. Anayelipa ndiye mwenye meno. Kwenye skrini utapendeza mno. Tahadhari, skrini haina mate.

Kuhusu mashine, usijisumbue. Moja huchonga kutoka kisahani cha akriliki kilichogandishwa kiwandani. Nyingine huchapa resini tabaka kwa tabaka, kisha kazi huoshwa kwa spiriti na kukomazwa kwa mwanga. Mwishoni utamwona fundi kashika msasa. Usimuulize, kwenye tangazo hakuwemo.

Siku ya kujaribu, tamka "sitini na sita". Ukisikia mluzi, rudi kesho. Ya juu yatanata kwenye kaakaa. Ya chini yamezungukwa na ulimi, yamekalia mfupa unaosinyaa kila mwaka, nayo yataelea. Usiku yavue, yaweke kwenye maji ya baridi. Ya moto huyapinda.

Harusini, tabasamu mpaka picha ziishe. Pilau ikifika, geukia ukutani, yafunge kwenye leso, yatie mfukoni. Meza nzima itatazama pembeni; nao wana wazee wao. Usiyakalie.

Ukiyakalia, usihofu. Faili lako limehifadhiwa maabara, na watakutengenezea mengine yaleyale, pamoja na lile kosa la kuuma.