Sifa za Kanzidata Yenye Adabu

Wengine wasifu asali ya Kibondo na maharage ya Kasulu. Mimi naisifu kanzidata ya ofisini kwetu ya kuandikisha kaya, yenye majedwali yaliyofungamana, maana adabu yake sijaiona kwingine.

Tazameni inavyowaheshimu wazazi. Jedwali la watu halimpokei mtu mpaka kaya yake iwe imeandikwa na kupewa namba. Mtoto anaweza kuwa amezaliwa, ameota meno, amemng'ata mwenzake. Kwa kanzidata bado hajaja duniani. Edgar Codd wa IBM, alipotoa nadharia ya majedwali mwaka 1970, sidhani kama alikuwa ameiona salamu ya Waha, ya magoti na makofi, lakini utaratibu ni uleule: mdogo hamtangulii mkubwa. Tena hakuna upendeleo. Kaya nayo haiandikwi bila mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya ni mtu, na mtu, kama tulivyosema, haandikwi bila kaya. Basi wote husimama mlangoni wakikaribishana: tangulia wewe, la, tangulia wewe. Mpaka jioni.

Fadhila nyingine ni ndogondogo. Umeme ukikatika kabla ya kuhifadhi, ukoo mzima hufutika pamoja, haachwi yatima. Historia nayo hutunzwa: bibi aliyezaliwa Muhange, Kibondo, huambiwa Muhange haimo Kibondo. Kweli haimo, ilikwenda na Kakonko wilaya ilipomegwa mwaka 2012. Bibi mwenyewe hakwenda popote.

Ila bibi huyo alikuja kwa bodaboda, nauli ya kwenda na kurudi, akaambiwa arudi kesho, mashine imekataa. Mashine gani! Zipo kanzidata, PostgreSQL mojawapo, zinazokubali ukaguzi usubiri mpaka mistari yote iingie. Hata pasipo hilo, nafasi ya mkuu wa kaya ingeachwa wazi kwanza, kaya iingie, watu wafuate, kisha ijazwe. Kazi ya asubuhi moja. Tuliandika hayo kwenye ripoti, tukajibiwa kwamba mfumo umeshazinduliwa, utepe umeshakatwa, na mshauri aliyeusanifu ameshalipwa.

Ndipo fundi mmoja akazima ukaguzi kwa dakika chache, akampenyeza mtu wa kubuni, Bwana Mkuu wa Muda. Sasa kila kaya huanza na yeye, kisha tunamweka mwenye kaya halisi, siku tukikumbuka. Kwenye taarifa ya robo mwaka ameonekana akiongoza familia nyingi ajabu. Mkubwa wetu aliisoma kikaoni bila kusita, akatupongeza: hakuna nafasi hata moja iliyoachwa wazi.