Hao Wengine Wako Wapi?

Columbus, Ohio
9 Februari 2025

Shangazi, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, pamoja na magoti yako, kuku wako na majirani wote, hata yule ambaye ng'ombe wake hawajui mpaka wa shamba. Mimi huku sijambo, hofu ni kwenu tu. Dhumuni la barua hii ni kukueleza kwa nini nimekuwa kimya tangu Oktoba, na kwa nini mwanao alipokupigia simu alisema "yuko kwenye intavyu" kwa sauti ya mtu anayetoa habari za mgonjwa.

Lakini hebu rudi kwenye hiyo aya ya kwanza. Nimeulizia magoti, kuku na jirani kabla sijasema neno juu yangu. Hivyo ndivyo ulivyonifundisha kuandika barua, na hivyo ndivyo ninavyofeli huku.

Kila usaili wa residensi, yaani mafunzo ya kazini ambayo daktari wa huku lazima apitie, unaanza na ombi moja: tuambie habari zako. Mitihani ile mikubwa nilifaulu. Cheti cha kuthibitisha kwamba shahada yangu ya Tanzania ni ya kweli ninacho. Nimeomba programu 124, za tiba ya ndani na tiba ya familia, nazo zimeniita nne. Kwa sisi tuliosomea nje na si raia wa Marekani, miaka hii wanaofika mwisho wa safari wakapata nafasi ni kama sita katika kila kumi. Kwa hiyo nimebeba hesabu hiyo kichwani, halafu mtu ananitabasamia na kuniambia, haya, tuambie habari zako. Zipi?

Tangu mwaka wa corona intavyu nyingi ni za kwenye skrini. Mimi naketi chini kwenye basementi ya mwanao, kando ya mashine ya kufulia. Mkwe wako, Mungu ambariki, amekubali kutofua siku za intavyu. Juu nina suti na tai. Chini usiulize.

Mwalimu wangu ni mjukuu wako. Ana miaka tisa, kazaliwa hapahapa. Kiswahili anakisikia vizuri ila anajibu kwa Kiingereza, kama mtu anayedaka mpira kwa mkono na kuurudisha kwa mguu. Jioni moja alichukua simu ya mama yake, akatega dakika mbili, akaniambia nijitambulishe. Nikaanza kwa adabu. Nikaanza na babu, alivyohama Kwimba na ng'ombe sita, nikateremka Magu, nikamtaja baba na kaka zake kwa kufuatana. Simu ikalia. Nilikuwa bado sijazaliwa.

"Anko," akasema, "nani amekuuliza habari za babu?"

Tukarudia. Safari hii babu nilimwacha Kwimba, nikaanza na chuo. Tulisoma miaka mitano, tukafanya mwaka wa intern, tukaona wagonjwa wengi, tukajifunza mengi. Mjukuu wako alikuwa anachora vijistari kwenye daftari lake la hesabu. Nilipomaliza akanigeuzia daftari. "Umesema 'sisi' mara kumi na moja. Hao wengine wako wapi?"

Nikamjibu wapo Mwanza. Hakucheka.

Shangazi, nyumbani wote mlidhani shida yangu itakuwa Kiingereza. Hata mimi nilidhani hivyo. Unakumbuka nilivyorudi kutoka shule wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza: miaka saba nimesoma kwa Kiswahili, halafu asubuhi moja chura yuleyule wa darasa la sita ana jina la Kiingereza na mwalimu anamfundisha kana kwamba ametoka Ulaya. Tulizoea. Ukinizindua saa tisa usiku nitakueleza kwa Kiingereza kwa nini figo zinashindwa kazi. Ninapokwama ni kwenye "mimi". Kwetu "mimi" amejibanza ndani ya kitenzi, ni-, silabi moja tu, anapita bila kumkanyaga mtu. Kwa Kiingereza anasimama peke yake mbele ya sentensi, tena kwa herufi kubwa hata akiwa katikati, kama nguzo ya umeme. Wewe, hata uwe nani, unaandikwa kwa herufi ndogo.

Na mimi nimelelewa na mtu aliyekuwa akisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu huyo unamjua. Huku nimejitembeza kama karanga za stendi.

Intavyu ya kwanza ilikwama kwenye jina. Lile ng' la mwanzo limewashinda. Sauti yenyewe wanayo, tena wanaitumia kutwa nzima, ila katika Kiingereza haianzi neno. Inakaa nyuma kama mgeni aliyekaribishwa karibu na mlango. Daktari yule alijaribu mara tatu, uso ukamwiva, nikamwonea huruma, nikampa pole. Kwa Kiingereza pole ni kukiri kosa. Akasema hapana, si kosa lako. Nikampa pole tena kwa kuhangaika. Tukaendelea hivyo mpaka mmoja wetu akachoka. Mwisho wa mazungumzo, kwa adabu uliyonifunza, nikamwambia pole na kazi. Nilipoifasiri ikatoka kama naomba radhi kwa kazi. Akauliza kwa wasiwasi, kazi gani?

Ya pili ndiyo utakayoipenda, kwa sababu umo ndani. Unajua sisi Kiingereza cha hospitali tulirithi kwa Waingereza. Wamarekani walirithi cha kwao wenyewe. Nikasema kwa fahari kwamba nilikaa miezi mitatu tieta. Mama yule akang'aa, akasema yeye pia anapenda sana sanaa, akaniuliza nilikuwa naigiza nafasi gani. Nami nikamjibu kwa unyofu: mara nyingi nilikuwa nashikilia tumbo lisijifunge, lakini siku za mwisho waliniachia nishone. Akatulia kidogo. Nikaongeza kwamba kila usiku nilikuwa naklaki wagonjwa ishirini, na wewe unajua ni kuwapokea na kuandika maelezo yao. Akauliza kama hiyo kazi ya ukarani niliifanya kabla ya kusomea udaktari au baada. Nikaona nijiokoe kwa kumtaja aliyenifundisha kazi hasa, nikasema ni sista wa wodi. Akasema vizuri, kwa hiyo na dada yako yuko kwenye tiba! Nikamwambia hapana, dada yangu ni mwalimu. Aliyekuwa sista ni shangazi yangu.

Shangazi, kwa Kiingereza sentensi hiyo haina msaada.

Dawa nazo zimebadilishwa majina kama watu waliohamia mjini. Adrenalini huku ni epinefrini. Salbutamol imenyang'anywa s ya mbele, ikabadilishwa na mkia, ikawa albuterol. Panadol, ambayo kwetu kila duka la mangi linayo, hapa ni Tylenol, na ukitaja parasetamoli wanakutazama kama umetaja mzizi.

Ya tatu waliniuliza udhaifu wangu. Mjukuu wako alishanifundisha hila yake: unataja udhaifu ambao kwa kweli ni sifa, kama vile kufanya kazi kupita kiasi. Nikashindwa. Ulimi ulikataa. Nikasema ukweli, kwamba ninapata shida kumsahihisha mtu aliyenizidi umri. Wakaniuliza: je, bosi wako, mtu mzima, akiandika dozi isiyo sahihi, utafanya nini?

"Kwanza nitakohoa," nikasema.

"Asiposikia?"

"Nitamwamkia upya."

Daktari mmoja alizima kipaza sauti chake. Nilimwona mabega yakitikisika. Niliongeza haraka kwamba baada ya hapo nitasema waziwazi, maana mgonjwa hana umri wa kusubiri adabu zetu, na hilo nililisema kwa moyo, lakini sidhani walikuwa bado wananisikiliza.

Ya nne sijui niielezeje. Alikuwa mzee, nywele nyeupe, anaongea taratibu mpaka nikatamani kumpa shikamoo. Hakuniuliza habari zangu. Aliniuliza juu ya usiku mmoja ambao siusahau. Nikamweleza ule usiku umeme ulipokatika na jenereta ikagoma, mama yuko mezani, mtoto katoka hapumui. Nikamwambia tulimkausha, tukasafisha njia ya hewa, tukampulizia hewa kwa mfuko wa mkono, tukahesabu, tukapuliza, mpaka akalia. Nilisema "tu-" kila mahali. Nilikuwa nimesahau daftari na vijistari vyake.

Mzee akanyamaza. Halafu akauliza kwa upole, "Na wewe mwenyewe ulifanya nini?"

Ningeweza kujichagulia, Shangazi. Mfuko ungeweza kuwa mkononi mwangu, nani angejua? Lakini mfuko ulikuwa kwa mkunga.

"Nilishika tochi," nikasema. "Ya simu. Ilikuwa na chaji asilimia tisa."

Akainama akaandika kitu. Aliandika muda mrefu kidogo. Nimejaribu kusoma mwendo wa kalamu yake kila usiku tangu siku hiyo, na sijaambulia.

Sasa yamebaki mambo ya mshenga. Wanayaita Match, na mwanao alipomweleza Mjomba kwenye simu, Mjomba akauliza ni Simba na nani. Mimi ninapanga orodha ya hospitali nizipendazo, ya kwanza mpaka ya mwisho. Hospitali nazo zinapanga orodha ya madaktari. Kompyuta inaoanisha. Ni marufuku hospitali kukushurutisha useme umeiweka nafasi ya ngapi, na ukishaoanishwa huna ruhusa ya kukataa, uwe umependezwa au hukupendezwa. Utasema ni ndoa za zamani, na hukosei sana. Mwaka 1962 wanahisabati wawili, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika makala juu ya kuozesha kundi la wanaume na wanawake hivi kwamba wasibaki wawili wanaotamani kutoroka pamoja na kuacha wenzi wao. Baadaye Alvin Roth akaonyesha kuwa madaktari wa huku walikuwa tayari wanagawiwa kwa hesabu ya namna hiyo. Shapley na Roth wakapewa Nobel ya uchumi mwaka 2012. Kwetu mshenga hupewa soda na pilau.

Jumatatu tarehe 17 Machi wataniambia kama nimepata posa. Ijumaa tarehe 21, saa sita mchana kwa huku, wataniambia ni kwa nani. Nyumbani itakuwa saa moja jioni, muda ule unapowafungia kuku. Usishangae kwamba tofauti itakuwa saa saba na si nane kama sasa. Mwezi huo wanasogeza saa zao mbele, na hakuna anayeandamana.

Ninachokuomba ni hiki. Mbuzi asichinjwe. Wala Jumatatu asichinjwe, hata mtu akikuletea habari za WhatsApp. Akija mtu upande huu mpe dagaa nusu kilo, ila uwafunge mara tatu, maana basementi haina dirisha. Na mbuzi aendelee kula majani mpaka nitakapokupigia mimi mwenyewe.

Samahani. Mpaka tutakapokupigia.

Ni mimi mwanao,
daktari wa chini kwa mwanao