Dramu Mbele, Mwimbaji Nyuma

Wimbo wa dakika nne umemalizwa kwa tatu, na mwimbaji bado ana ubeti mzima mdomoni. Dramu zimeshanyamaza, wazazi wanapiga makofi wakidhani ndivyo wimbo ulivyotungwa, na mtoto wa miaka 12 amebaki mbele ya maikrofoni hajui pa kuuficha uso. Hii ndiyo aibu ya kawaida ya bendi za roki za shule za kati nchini Marekani, yaani za watoto wa darasa la sita hadi la nane, na lawama zote humwangukia mpiga dramu. Anaonewa. Watoto hawa kupiga wanajua kiasi cha kutosha; wasichojua ni kusikilizana, na roki yenyewe ndiyo inayowahadaa kwamba si lazima.

Hadaa hiyo ina fizikia yake, nayo ni tamu kuliko nyimbo nyingi zinazopigwa siku ya onyesho. Mpe mtoto gitaa la umeme. Uzi wa tano auache wazi: hiyo ni A, mitetemo 110 kwa sekunde. Uzi wa nne aubane kwa kidole kimoja apate E, mitetemo kama 165. Uwiano ni mbili kwa tatu. Bila umeme, nota hizo mbili ni kavu, hazina furaha wala huzuni, kwa sababu ile ya katikati yenye kuamua hayo haipo. Sasa zipitishe kwenye amplifaya iliyosukumwa mpaka inakwaruza. Amplifaya iliyozidiwa huzichanganya na kuzaa sauti ambazo hakuna aliyezipiga: 165 ukitoa 110 unapata 55, ambayo ni A nyingine, oktava nzima chini ya ile ya kwanza, na ukizijumlisha unapata 275, mara tano kamili ya hiyo 55. Kila anayezaliwa ni wa ukoo uleule. Ongeza ile nota ya katikati, na ukoo unaanza kugombana, ndiyo maana wapiga roki wengi huiacha. Basi mtoto mwenye kidole kimoja na juma moja la mafunzo anatoa mngurumo wa jitu, wakati mwenzake wa fidla, kwa juma hilohilo, bado analia kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Aliyepewa ukubwa wa bure ana haja gani na jirani? Anaongeza sauti, na wa pili naye anaongeza. Sikio letu ni gumu kuridhika: ili sauti isikike maradufu, amplifaya hudaiwa nguvu karibu mara kumi, kwa hiyo vita haichelewi kufika mwisho wa kitufe. Dramu hazina kitufe. Mpiga dramu ana mikono tu, anatwanga, na mkono unaotwanga kwa nguvu huwa na haraka. Kiitikio kikifika anatwanga zaidi. Kikiisha anaingiza mbwembwe za kuzunguka ngoma zote, na kila mbwembwe inameza kipande cha pigo. Wa kumshika breki ni mpiga besi, ambaye hakuna anayemsikia, pengine hata yeye mwenyewe. Mikasa mingine ni midogo: sauti ya mwimbaji inavunjika kati ya Septemba na Desemba, na waya unachomoka kwa kukanyagwa.

Watu husema basi wapelekwe kwenye okestra. Huko mpigo unashikwa na mwenye fimbo, na mtoto anaweza kumaliza mwaka mzima akimtazama mtu mzima asikilize kwa niaba yake. Wengine husema waachwe wajifundishe, na wana shahidi mzito: Lucy Green, mtafiti Mwingereza, alieleza mwaka 2002 jinsi wanamuziki wa roki wanavyojifunza kwa kuiga rekodi wakiwa na marafiki. Sawa, lakini marafiki huchaguana. Darasa hukutanishwa na ratiba. Lazima awepo wa kuamuru magitaa yanyamaze ubeti mzima ili besi na dramu zikae peke yao. Wanaohofia masikio nao wana haki, maana taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, hushauri desibeli 100 zisizidi dakika 15 kwa siku. Dawa ni ileile: shusheni sauti. Filamu ya School of Rock ya 2003 ilimaliza kazi hii kwa majuma machache, ila mwalimu wake bandia alikuta darasa lililokwisha kuiva kwa muziki wa klasiki.

Walimu halisi hukuta sheria. No Child Left Behind, iliyotiwa saini Januari 2002, iliamuru mitihani ya kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Iliyoirithi mwaka 2015 iliutaja muziki kwa heshima, na mitihani ikaiacha palepale. Kwa hiyo miaka yote mitatu ambayo mtoto ana moto wa gitaa imo ndani ya mitihani, na kisichotahiniwa hupewa saa zilizobaki. Halafu watu wazima walewale huja ukumbini kuziba masikio na kuuliza kwa nini watoto hawapatani. Wazazi mnaochangia, msinunue amplifaya kubwa zaidi. Daini saa moja zaidi ya mazoezi kwa juma.