Pua Kwanza, Koo Baadaye: Mwongozo wa Kuonja Wiski ya Kiskoti

Kabla ya kufungua chupa, ondoa mezani soda, ndoo ya barafu na rafiki yule anayepiga kelele "shusha yote!" kila glasi ikijazwa. Soda na barafu tutavirudia. Rafiki mpe kazi ya kugeuza nyama choma, kwa sababu wiski haikukaa ndani ya pipa miaka 12 ili ipite kooni kwa sekunde mbili.

Sasa soma lebo. Kanuni za mwaka 2009 zinazolinda kinywaji hiki ni kali, na zinastahili kuwa hivyo. Ili chupa iandikwe Scotch, wiski lazima iwe imetengenezwa na kukomazwa Uskoti, ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3, na kilevi chake kisiwe chini ya asilimia 40. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji na rangi ya sukari iliyounguzwa, basi. Hiyo rangi ndiyo inayowaumbua wajuaji. Mtu ananyanyua glasi kwenye taa, anaona wekundu wa chai ya rangi, anatangaza kwamba hii ni ya zamani sana. Huenda anasifia sukari.

Umri nao una kanuni yake. Namba 12 kwenye lebo ni umri wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizomo chupani. Tena wiski hukomaa ndani ya pipa tu. Ikishatiwa kwenye kioo imekoma hapo. Chupa ya miaka 12 iliyokaa kabatini sebuleni miaka 20 ikimngoja mgeni wa heshima bado ina miaka 12. Ifungue. Mgeni wa heshima ni huyo aliyeketi mbele yako.

Ukiona maneno single malt, ujue hiyo ni wiski ya kimea cha shayiri, maji na hamira, iliyokenekwa kwenye mitungi ya shaba nyekundu katika kiwanda kimoja. Ile ya kuchanganya, ambayo ndiyo inayouzwa zaidi duniani, huongezwa wiski ya nafaka kama ngano au mahindi, inayotoka kwenye mtambo wa mnara ambao Aeneas Coffey aliupatia hataza mwaka 1830. Wapo wanaoidharau hii ya pili, na dharau yao haina msingi. John Walker alianza mwaka 1820 na duka la vyakula mjini Kilmarnock. Jina lake limefika kila baa ya Nairobi na Dar es Salaam kwa ustadi wa kuchanganya, yaani kuhakikisha chupa ya mwaka huu inafanana na ya mwaka jana ingawa mapipa hayafanani. Jaribu wewe kupika pilau lenye ladha ileile miaka thelathini, huku mchele ukibadilika kila wiki.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo mwembamba, ili harufu ikusanyike juu. Ile iitwayo Glencairn, iliyotoka mwaka 2001, ilibuniwa kwa kazi hii. Usipoipata, glasi ndogo ya divai inatosha kabisa. Bilauri pana la kwenye sinema linafaa kwa sinema. Mimina kidogo, toti moja, uiache dakika chache itulie.

Tufike kwenye pua, na hapa nakuomba usiwe na haraka, maana ulimi unatambua mambo machache: utamu, uchungu, chumvi, ukali wa ndimu na ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Mengine yote unayoyaita ladha yanatoka puani. Wachanganyaji mahiri wa Uskoti hutegemea zaidi pua kuliko koo. Hupunguza wiski kwa maji hadi kilevi kishuke kufikia kama asilimia 20, wakanusa glasi moja baada ya nyingine. Fanya kama wao. Lete glasi karibu na kidevu, acha mdomo wazi kidogo, vuta pumzi taratibu. Usitumbukize pua kama mtu anayechungulia kisima. Kilevi kitaichoma na jioni yako itakuwa imekwisha. Mara ya kwanza utapata kilevi tu. Mara ya pili utapata utamu fulani. Mara ya tatu vitu vinaanza kuwa na majina.

Majina hayo yawe ya kwako. Hili ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Michael Jackson, yule mwandishi Mwingereza wa bia na wiski, alitoa mwaka 1989 kitabu cha kuziongoza pua za wasomaji kwenye wiski za kimea, na tangu hapo dunia nzima imejifunza kuieleza wiski kwa maua ya vilima vya Uskoti na keki za bibi wa Kiingereza. Ni maelezo mazuri kwa aliyekulia huko. Lakini nimeona watu wazima wakitikisa kichwa kukubali harufu ya ua ambalo hawajawahi kuliona, huku mbele ya pua zao pakiwa na karafuu tupu.

Ukinusa karafuu, sema karafuu. Sayansi iko upande wako: mwaloni ukipashwa moto hutoa kemikali iitwayo eujenoli, na hiyohiyo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu za Unguja na Pemba. Ukinusa vanila, hujakosea. Vanilini iliyomo kwenye mbao za pipa ndiyo inayotia harufu kwenye vanila inayolimwa Kagera na Uganda. Harufu hiyo hujitokeza sana kwenye mapipa yaliyotoka Marekani, ambako sheria inataka wiski ya bourbon ikomazwe kwenye mwaloni mpya uliounguzwa ndani. Pipa likishatumika hivyo, wenyewe huliuza, na Waskoti hulinunua kwa furaha. Mapipa yaliyokolezwa kwa divai ya sherry ya Hispania hutoa kingine: zabibu kavu, tende, pengine halua yenye kungumanga. Mtoto wa pwani ana msamiati mzima wa kuonjea wiski kabla hajaigusa, na anaweza kuishi nao vizuri tu bila kuigusa kamwe.

Halafu kuna Islay, kisiwa cha magharibi kinachotamkwa Aila, na hapo ndipo wageni hukimbia. Viwanda kama Laphroaig, Ardbeg na Lagavulin hutumia kimea kilichofukizwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, uliojijenga kwa mimea iliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka. Moshi huo huacha kwenye shayiri kemikali za fenoli, na ndiyo maana wiski hizo hunukia majivu, mwani na dawa ya kidonda. Wengi huirudisha glasi mezani wakidai imeharibika. Aliyelelewa na mursik ya Wakalenjin, maziwa ya kibuyu kilichopakwa masizi ya mti, au na samaki wa moshi wa Ziwa Victoria, hatishiki. Ameshajua kwamba moshi ni ladha.

Baada ya kunusa, onja funda dogo. Lizungushe mdomoni, lifike chini ya ulimi na kwenye fizi, kisha meza polepole na utoe pumzi kwa pua. Subiri. Kinachobaki baada ya kumeza ndicho kinachotofautisha wiski nzuri na ya kawaida.

Sasa ongeza maji, matone machache, bila aibu yoyote. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman, watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden, walionyesha kwa kompyuta kwamba kilevi kikipungua, guayakoli, mojawapo ya kemikali za ule moshi, husogea juu, karibu na pua. Anayekucheka kwa kutia maji mweleze hivyo, umwongezee na yeye. Barafu ni kinyume: baridi hufunga harufu na kufisha ulimi. Soda ya kola kwenye single malt ni hasara isiyo na utetezi. Pipa limepoteza karibu asilimia 2 ya kilichomo kila mwaka kwa kuvukiza, mtu amelilinda miaka 12, nawe unakuja kuzika kazi hiyo yote kwenye sukari! Ukitaka soda, kunywa soda; ni nzuri na bei yake ni nafuu.

Na anayevalia tai kuinywa wiski, akiwatazama wanywa gongo na chang'aa kwa jicho la pembeni, ajue historia. Hati ya kifalme ya mwaka 1494 inamtaja mtawa John Cor aliyepewa kimea cha kutengenezea kileo, lakini baadaye, kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya wiski ya Uskoti ilipikwa mafichoni mabondeni, ikiwakwepa watoza ushuru. Sheria ilipolegezwa mwaka 1823, George Smith wa Glenlivet akakata leseni mwaka uliofuata. Majirani zake waliokuwa bado wakipika kwa siri walimtishia, hata akawa anatembea na bastola mbili.

Mwezi huu, badala ya chupa kubwa ya kuwaonyesha watu, nunua mbili ndogo: moja ya Speyside, eneo la huyo Smith wa Glenlivet, na moja ya Islay. Zifunike kwa gazeti. Waite wenzako watatu, hasa yule anayejua kila kitu, na kila mmoja aandike anachonusa kabla ya kusikia cha mwenzake. Toti mbili kwa mtu zinatosha. Atakayeendesha gari anuse tu.