Simba wa Kileleshwa

Mjomba, na nyote mnaosomewa barua hii hapo barazani Ngamiani, najua kuna mtu atamkatiza msomaji hapa hapa aulize tangu lini Nairobi ikawa ughaibuni, na mpaka wa Horohoro upo hapo tu. Mwambieni kwamba mji ambao kikombe kimoja cha kahawa kinauzwa kwa bei ya birika zima, na mtu anakusalimu huku ameshakupita, huo ni ughaibuni hata kama ungekuwa Muheza.

Maneno yaliyowafikia yana ukweli nusu. Ni kweli nimenunua gari. Si kweli kwamba nimepandishwa cheo, na aliyeyaeneza hayo aache, maana maombi ya mikopo yameshaanza kuingia kwenye simu. Gari lenyewe ni Peugeot 404 ya mwaka 1969, na nililinunua likiwa na mti ndani. Mpera, Mjomba. Ulichipua chini ya kiti cha nyuma, pale sakafu ilipoliwa na kutu, ukapanda ukatokea dirisha la kulia, na ulikuwa unazaa. Kwenye buti alikuwamo kuku ameatamia.

Ninakaa Kileleshwa, magharibi mwa jiji, mtaa ambao zamani ulikuwa wa nyumba za chini zenye vigae vyekundu na bustani za kupotea mtoto. Siku hizi nyumba inabomolewa, ghorofa linapanda, na palipokuwa na familia moja na mbwa wake wanaingia watu wa kujaza meli. Mimi ni mmoja wa abiria hao. Dirisha langu linatazama ua wa nyumba iliyogoma kuuzwa, ya bibi mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Shosho, na humo uani, kati ya majani, niliona zile pembe mbili za nyuma zilizochongoka. Wewe mwenyewe huwezi kuzikosea hata gizani.

Marehemu mumewe aliliegesha hapo likisubiri pampu ya maji kutoka Mombasa. Stika ya bima kwenye kioo ni ya 1987. Ndani ya kijisanduku cha dashibodi nilikuta gazeti la Taifa Leo la Agosti mwaka huo, lina habari za Michezo ya Afrika iliyokuwa ikichezwa pale Kasarani. Wanariadha wale sasa ni mababu. Pampu haijafika.

Na gari hili lingekwisha kuwa nondo zamani, kama si siasa. Shosho aliponiambia sikuamini. Mnunuzi wa chuma chakavu alishaleta mizani yake mpaka getini, Januari 2022, wamepatana bei ya kilo, na siku hizo hizo Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara nzima ya chuma chakavu, kwa kuwa watu walikuwa wanahujumu minara ya umeme. Marufuku ilikuja kuondolewa baada ya miezi michache, lakini yule bwana hakurudi. Kwa hiyo watu wakiwauliza nani aliyeokoa gari la kijana wenu, majina ni mawili: Rais wa nne wa Kenya, na kuku.

Bei ilikuwa ndogo, masharti ndiyo yalikuwa makubwa. Kuku asihamishwe mpaka atotoe. Mpera usikatwe, ung'olewe na mizizi yake, upandwe pembeni mwa ukuta. Na gari likitembea, safari yake ya kwanza iwe ya kumpeleka yeye Shosho misani, katika kanisa la Holy Family katikati ya jiji, naye atakaa nyuma. Nilikubali yote. Kuhusu karatasi sitawachosha. Gari la marehemu huku linataka hati ya mirathi ya mahakama kabla halijabadilishwa jina, na kwenye dirisha moja, la ofisi nisiyoitaja, kijana aliniambia nimlete mwenye gari athibitishe mwenyewe. Nikamuuliza aletwe akiwa katika hali gani.

Sasa nije Grogan, kwa sababu huko ndiko nilikoacha mshahara wangu. Ramani inasema Kirinyaga Road, pale ukingoni mwa kitovu cha jiji karibu na mto. Mafundi wanasema Grogan, jina la zamani la barabara, la yule Mwingereza Ewart Grogan aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo na kumaliza mwaka 1900, sehemu kubwa kwa miguu. Mtu aliyeivuka Afrika bila gari ndiye barabara yake ikaja kuuza spea za magari. Pale unapata kila kitu isipokuwa nafasi ya kusimama. Milango imetundikwa ukutani, taa zimening'inizwa kwenye kamba, na kijana anakushika mkono kabla hujataja shida yako, anakuhakikishia anayo.

Huko nikampata Fundi, mzee wa makamo yako, aliyejifunza kazi juu ya Peugeot na hajaona sababu ya kujifunza juu ya kitu kingine. Alikuja Kileleshwa, akazunguka gari, akapiga bodi kwa kidole hapa na pale, akaegemeza sikio. Kisha akafungua boneti. Msaidizi wake, kijana aliyekulia kwenye Vitz na Probox, alichungulia akaruka nyuma akipiga kelele kwamba injini imekatika mikono na kuanguka ubavu. Fundi hata hakumjibu. Injini ya 404 Wafaransa waliilaza wenyewe nyuzi 45, boneti ipate kushuka chini. Yule kijana akatafuta mahali pa kuchomeka mashine ya kusoma makosa. Fundi akamkabidhi hendeli.

Haikuzunguka, bila shaka. Ilikuwa imeshikana. Fundi alitoa plagi 4, akajaza matundu dizeli iliyochanganywa na mafuta ya gia, akafunga kwa matambara, akaenda zake. Ninyi mnaojua injini mnajua kinachofuata: kusubiri, kujaribu, kutukana, kusubiri. Ilipolegea ilitoa mlio ambao kuku alihama mwenyewe, na hilo likawa sharti moja limejitimiza, kwa kuwa vifaranga walishatoka. Uzuri wa injini hii ni kwamba slivu zake huchomolewa, unaweka mpya, huna haja ya kupeleka bloku kuchongwa. Fundi anasema Mfaransa aliyeibuni lazima alikuwa na shemeji Afrika. Tangi tulilisafisha kwa kutia kokoto na kulitikisa. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya uji wa ulezi. Fikirini, gari hili lilipokunywa mara ya mwisho petroli bado ilikuwa na risasi, ile iliyokuja kuondolewa Kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006.

Sakafu ilishonwa Kamukunji. Huko wako wafua chuma wa jua kali wanaotengeneza majiko, sufuria na yale masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, na kelele zao unazisikia kabla hujawaona. Fundi wa masanduku alipima kwa kamba, akauliza swali moja tu: je, litafungwa kwa kufuli? Leo ukiinua zulia la 404 yangu utaona mkunjo ule ule wa pembeni ulio kwenye sanduku la mtoto wa kidato cha kwanza. Rangi niipite haraka. Niliagiza ya maziwa, ikaja ya chai ya maziwa, na mpiga rangi akaniuliza kwani chai hainywewi kwetu.

Lakini hili la simba lazima mlipate lote. Nililipeleka gari Grogan likivutwa kwa kamba, kufungwa kabureta. Tukaingia dukani dakika chache kuulizia gasketi. Kutoka nje, simba wa chuma aliyekaa katikati ya grili hayupo. Niliomboleza sana. Kijana mmoja akanionea huruma, akasema nisihangaike, yeye anafahamu mahali penye simba wa 404, mmoja tu amebaki mjini. Akaondoka, akarudi amemfunga kwenye gazeti. Nikamwambia nina wasiwasi kama atakaa sawa. Akamweka kwenye grili, matundu ya skrubu yakalingana yote. "Unaona, mkubwa?" akaniambia kwa fahari. "Huyu ni wa gari lenyewe." Na akanipunguzia bei, kwa kuwa sasa mimi ni mteja.

Kule gereji kwa Fundi nilikuwa na vita nyingine, ya heshima ya taifa. Wakenya wa umri wa Fundi ukiwatajia Safari Rally wanakutajia Joginder Singh, na ni haki yao: alishinda 1965 akiwa na nduguye Jaswant ndani ya Volvo iliyokwisha kutumika, akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Wakimaliza, mimi Mtanzania nauliza kwa upole 1966 na 1967 alishinda nani. Kimya. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na Chris Rothwell pembeni yake, mara zote mbili kwa Peugeot 404! Mmoja akasema huyo alikuwa Mskoti. Nikamwambia na Nick Nowicki wenu, aliyeshinda kwa 404 mwaka 1963 na 1968, jina hilo mmelitoa Murang'a? Kijana wa Probox alicheka mpaka akaangusha spana. Fundi akaja na ya kwake: 1968 walianza magari 93, yakafika 7. Hapo tukasahau uraia, tukaanza kubishana juu ya matope.

Jumapili ya safari ikafika. Shosho alitoka na kofia yake, akakaa nyuma, akaniambia mumewe hakuwa akivuta gia kwa kelele hivyo. Tukashuka Barabara ya State House, tukapita Arboretum, tukaingia University Way, na Mjomba, niliwaona watu wakigeuka. Mji huu watu husoma namba ya gari kabla ya kuusoma uso wa dereva. Magari yaliyotumika yakizidi miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa nchini, basi kila mtu anajua herufi mpya ni zipi na nani amebaki nyuma. Namba yangu ni nyeusi, herufi tatu na tarakimu, bila ile herufi ya mwisho, aina iliyokoma kutolewa mwishoni mwa miaka ya 1980. Hawakujua waidharau au waipigie saluti. Matatu moja iliyochorwa nyuso za wanamuziki ilizima muziki wake, dereva akanipisha. Jambo hilo wenyeji wa hapa nikiwasimulia wanasema natia chumvi.

Kenyatta Avenue, mbele ya hoteli ya Stanley, likazima.

Sijui watu walitoka wapi, Jumapili ile maduka yamefungwa. Mpiga viatu rangi, walinzi wawili wa benki, bodaboda na abiria wake, mama wa Biblia, polisi wa trafiki. Kila mmoja alikuwa na 404 yake. Babu wa mmoja alikwenda nayo Kisumu kuoa, na mwingine alizaliwa ndani yake njiani kwenda hospitali. Polisi, niliyedhani anakuja kuuliza bima, alivua kofia akaweka bega, akaniamuru niweke gia ya pili. Walisukuma mpaka karibu na Kimathi Street. Halikuwaka. Kila mtu akatoa dawa: plagi, koili, betri, laana.

Shosho akashusha kioo. Akasema marehemu, gari likifanya hivi, alikuwa akiligonga hapo kwenye kabureta kwa kiatu. Kisha akavua kiatu chake cha kanisani akanipa. Nikagonga mara mbili. Likawaka. Baadaye Fundi alinieleza kwamba ile sindano ya kabureta hukwama petroli isipite, na mshtuko mdogo huiachia. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeibiwa mteja. Misa tuliiwahi kwenye mahubiri. Tulipotoka nikalipeleka mbele ya jumba la KICC, hatua chache tu, ambapo Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 magari yaliagiwa, nikapiga hiyo picha niliyowatumia. Kiatu anachokishika Shosho ndicho chenyewe.

Sasa shida yangu. Kila Septemba, pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, hufanyika mashindano ya magari ya zamani yaitwayo Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970 na kuandaliwa na chama cha wenye Alfa Romeo. Majaji wanachungulia injini, buti, viti, mpaka uvunguni. Nataka kuingia. Sakafu ya sanduku naweza kuitetea, na rangi ya chai pia. Lakini kioo cha taa ya nyuma ya kushoto hakipo Nairobi yote, na hicho kinachoonekana kwenye picha Fundi alikikata kwenye beseni jekundu la kufulia. Ukisogea unaona bado kimeandikwa lita 20.

Nasikia kule Pongwe kuna 404 iliyokuwa teksi, imekaa nyuma ya nyumba ya mtu. Nenda, Mjomba, kabla ya mwenye mizani. Kama kioo cha kushoto kizima, mpe mwenyewe anachotaka, kifunge kwa khanga mbili, na mpe dereva wa basi mkononi, asipewe kondakta. Cha kulia nisiletewe, ninacho.